Picha ya Kibanda cha Msituni
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana karatasi ya somo mbele yake, na kalamu. Asiye na kalamu asihangaike. Asikilize tu, kwa sababu maneno haya yote yamepigwa chapa katika karatasi hiyo, naye atayasoma baadaye polepole.

Leo tutazungumza juu ya picha za nyumba ambazo hazikupigwa kwa kamera wala kuchorwa kwa mkono, bali zimetengenezwa kwa kompyuta. Mmekwisha kuziona. Zimo katika simu za watoto wenu, na zimo katika mabango ya wauza viwanja. Fundi seremala wa siku hizi huletewa picha kama hiyo na mteja. Mteja hufungua simu, akaonyesha kibanda kidogo cha mbao katikati ya msitu. Ni jioni, ukungu umetanda, na dirisha linawaka nuru ya manjano. Husema, "Fundi, nijengee hiki." Fundi hupima, hununua mbao, hujenga. Siku ya kukabidhi kazi mteja hununa. Kibanda ni kile kile, lakini hakimpendezi! Wanagombana, na malipo ya mwisho hayatoki. Fundi hakukosea vipimo hata kidogo. Kilichompendeza mteja katika ile picha hakikuwa mbao, kilikuwa ukungu na nuru ya jioni, na vitu hivyo haviuzwi katika duka la vifaa vya ujenzi.

Basi, nataka tuitengeneze picha ya namna hiyo pamoja, ili tujue kila kitu kilichomo kimetoka wapi. Atakaye kuifanya kazi hii kwa riziki yake atapata pa kuanzia. Asiyetaka, angalau atajua kuitazama kabla hajatoa fedha zake.

Kwanza tuchague kibanda. Sitaki tubuni cha kwetu, kwa sababu mwenye kubuni hana wa kumwambia amekosea wapi. Tuchukue kibanda kilichokuwapo kweli, na ambacho mwenyewe aliandika vipimo vyake. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, karibu na mji wa Concord, liko ziwa dogo liitwalo Walden. Mwaka 1845 kijana mmoja, Henry David Thoreau, alijijengea kibanda juu kidogo ya ziwa hilo, katika ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Aliingia humo tarehe 4 Julai 1845, akiwa na miaka 27, akakaa miaka miwili na miezi miwili. Alitaka kujua mtu anahitaji vitu vingapi hasa ili aishi. Kisha aliandika kitabu kiitwacho Walden, kilichotoka mwaka 1854, na kitabu hicho kinasomwa mpaka leo.

Mtu huyu alifanya pia kazi ya kupima mashamba, na kusema kweli inaonekana. Aliandika kwamba kibanda kina upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, na nguzo zake ni futi 8. Kwa mita, ni kama 3.05 kwa 4.57, na kimo cha nguzo 2.44. Kila upande palikuwa na dirisha moja kubwa. Mlango ulikuwa mmoja, upande wa mwisho, na mahali pa moto pa matofali palikuwa upande wa pili, kuuelekea mlango. Hata bei aliandika. Kibanda cha mfanyakazi mmoja wa reli alikinunua kwa dola 4 na senti 25, akakibomoa ili apate mbao zake. Matofali 1,000 ya zamani yalimgharimu dola 4. Madirisha mawili yaliyokwisha kutumika, pamoja na vioo vyake, dola 2 na senti 43. Jumla ya gharama zote ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu. Hakusahau ile nusu senti!

Kibanda chenyewe hakipo tena. Kilihamishwa, kikavunjwa katika karne ile ile. Mwaka 1945, miaka 100 baada ya kujengwa, mtu aitwaye Roland Robbins alichimba mahali pale akapata msingi wa dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Kwa hiyo anayetaka kukiona leo sharti akijenge upya, ama kwa mbao, ama kwa kompyuta.

Programu ya kujengea iko, tena haiuzwi. Inaitwa Blender. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Ton Roosendaal. Mwaka 2002 kampuni yake ilipofungwa, aliwaomba watumiaji wa dunia nzima wachange euro 100,000 ili programu ile inunuliwe na kuachwa huru. Walichanga kwa muda wa wiki saba. Ninyi mnaojua harambee mtaelewa. Tangu hapo mtu yeyote huichukua bure, akaitumia hata kwa biashara. Filamu ya katuni iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa programu hiyo, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Nawaambieni haya ili mtu asije akawatoza fedha kwa kitu kisicho na bei.

Kujenga mwili wa kibanda ni kazi ya saa moja au mbili kwa mtu aliyezoea, nami sitaikalia sana. Unachukua sanduku, unalipa vipimo, unapandisha paa, unakata matundu ya madirisha. Lakini tazameni jambo moja ambalo seremala atalitambua upesi kuliko msomi. Kompyuta hutengeneza ubao wenye kingo kali kama wembe. Ubao wa kweli hauna kingo za namna hiyo. Umepigwa randa, umepitishwa msasa, umegongwa, na ukingo wake umelala kidogo, labda milimita 2 au 3. Ukingo huo uliolala ndio unaokamata nuru na kutoa mstari mwembamba unaong'aa. Usipouweka, macho ya mtazamaji yatakataa picha yako, ingawa mwenyewe hataweza kusema kwa nini. Hali kadhalika ngozi ya juu ya kitu. Mbao kavu huitawanya nuru pande zote. Mbao iliyonyeshewa huwa nyeusi zaidi, tena humeta. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi jiulize mvua imenyesha lini.

Sasa miti. Kibanda cha Thoreau kilikuwa ukingoni mwa mwitu, kati ya misonobari iliyokuwa bado michanga, na kijia chembamba kikishuka mpaka majini. Hapana mwembe, hapana mnazi. Hatuichongi miti 2,000 mmoja mmoja. Tunatengeneza mitano iliyo mizuri, tunaiambia programu iitawanye, kila mmoja uzungushwe upande wake, mwingine uwe mrefu kidogo, mwingine mfupi. Kompyuta inakumbuka ile mitano tu, nayo inairudia. Mwangalifu akitazama mabango ya viwanja ataukuta mti ule ule mara nane katika ua mmoja, umegeuzwa tu. Ni mchezo mzuri wa kuwapa watoto.

Haya ndiyo mepesi. Tuingie katika nuru.

Jua la Concord si jua letu. Mji ule uko digrii 42 kaskazini ya ikweta. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua la kule hupanda digrii 24 hivi tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam, hata mwezi wa Juni jua linapokuwa mbali nasi kuliko siku zote, saa sita mchana huwa digrii 60 hivi. Maana yake ni nini? Mti wenye kimo cha mita 10 kule Walden mwezi wa Desemba hutupa kivuli cha mita 22 adhuhuri. Mti huo huo ungekuwa Dar es Salaam, kivuli chake cha adhuhuri kisingefika mita 6 hata mwezi wa Juni. Basi ukitengeneza kibanda cha Walden wakati wa baridi ukaweka jua la kwetu, umekosea. Na muuza kiwanja akikuonyesha nyumba ya Kigamboni mchana, na vivuli vimelala virefu barazani, mwulize saa ngapi hiyo. Atakuwa amelichukua jua la Ulaya pamoja na programu yake.

Je, kompyuta inajuaje mahali pa kuweka kivuli? Katika ulimwengu wetu nuru hutoka juani, hupiga kitu, hudunda, na kidogo sana huingia machoni. Miale mingi haitufikii kabisa. Kompyuta ikifuata njia hiyo itafanya kazi ya bure mno. Kwa hiyo inakwenda kinyumenyume. Inaanza machoni mwa mtazamaji, inatuma mwale mpaka ubaoni, kutoka ubaoni mpaka ardhini, kutoka ardhini mpaka angani, ikitafuta kule nuru ilikotoka. Ikiipata, hujua ubao ule uwe mwangavu kiasi gani na wa rangi gani. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, James Kajiya, aliiandika kanuni ya hesabu hiyo, na programu za leo bado zinaifuata.

Andikeni hesabu hii. Picha ya kawaida ya kompyuta ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha: ni nukta 2,073,600. Kwa kila nukta tutume miale 256. Jumla ni miale 530,841,600, na kila mmoja hudunda mara kadhaa. Ndiyo maana kompyuta huvuma, hupata moto, na kula umeme. Ukituma miale michache, picha hutoka na punje punje kama imemwagiwa mchanga. Tena kuna jambo la kusikitisha: ukitaka punje zipungue nusu, haitoshi kuongeza miale mara mbili, sharti uiongeze mara nne. Siku hizi programu ina njia ya kuzifuta punje hizo, lakini ukiitegemea mno, magome ya miti hugeuka kuwa kama nta.

Sasa tufanye jioni, maana picha yetu ni ya jioni. Rangi ya nuru hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kelvini. Mhunzi ataelewa mara moja. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Hivyo hivyo nuru: namba ndogo ni nyekundu na manjano, namba kubwa huelekea buluu. Mshumaa ni kama Kelvini 1,900. Balbu ya zamani, 2,700. Jua la mchana, 5,500 au zaidi kidogo. Kivulini, chini ya anga tupu la buluu, hupita 8,000.

Thoreau alikuwa na taa moja, na aliandika kwamba hakuwa na mapazia. Basi nuru ya taa yake ilitoka nje bila kizuizi. Tuweke taa mezani kwa Kelvini 1,900, na nje tuweke anga la jua lililokwisha kuzama, buluu na baridi. Hapo ndipo moyo wa mtazamaji unapovutwa. Anaona manjano kidogo katikati ya buluu nyingi, naye mara hiyo anahisi kwamba nje kuna baridi na ndani kuna mtu. Hatukumchora mtu. Hatukuandika neno "baridi" mahali popote. Namba mbili za Kelvini zimefanya kazi yote.

Mwanafunzi mgeni hukosea hapa. Huiongeza nguvu taa mpaka dirisha linakuwa jeupe kama la hospitali. Taa moja ya mafuta ni dhaifu. Mchana haionekani kabisa, na usiku wa giza huonekana yenyewe tu, msitu wote umepotea. Uko muda mfupi kati ya hayo, anga na dirisha vinapolingana. Usiiongeze taa, punguza anga mpaka upate muda huo.

Sasa ukungu. Aliyewahi kusimama milimani Usambara asubuhi ameuona. Kilima cha karibu ni cha kijani kibichi, cha pili kimefifia, cha tatu kinaelekea buluu, na cha nne ni kama moshi tu. Kwa macho yetu, kufifia huko ndiko kunakosema "mbali". Picha isiyo na hewa huwa kama mabati yaliyopangwa, kila kitu kiko karibu sawasawa. Basi katika programu tunaufunika msitu wote kwa sanduku kubwa lisiloonekana, tunalijaza ukungu, na tunatoa namba ya uzito wake. Tuseme 0.01 kwa kila mita. Katika sehemu 100 za nuru inayotoka kwenye mti, mtazamaji aliye mita 10 atapata 90. Aliye mita 50 atapata 61. Mita 100, atapata 37. Mita 200, sehemu 14 tu, na mti ule umebaki kivuli chepesi. Iliyopotea njiani imetawanywa, na mahali pake ameingiziwa weupe wa ukungu wenyewe. Ukungu wa ziwani hulala chini juu ya maji asubuhi baada ya usiku wa baridi, kwa hiyo tuuweke mzito chini na mwepesi juu. Usizidishe. Ukifika 0.1, aliye mita 30 haoni msitu kabisa, anaona maziwa.

Nanyi mtagundua siri moja ya kazi hii: ukungu huficha uvivu. Mchoraji asiyetaka kutengeneza kilima cha nyuma hukitia ukungu. Kwa picha ya kupamba ukuta si kitu. Lakini kama ni picha ya kiwanja kinachouzwa, kilichofichwa nyuma huweza kuwa bonde la maji machafu au kiwanda cha jirani.

Kamera iwekeni kwenye kimo cha macho ya mtu, mita 1.6 hivi. Jihadharini na lenzi pana. Chumba cha mita 3.05 kwa 4.57 ni kidogo. Thoreau mwenyewe alitia humo kitanda, meza, dawati la kuandikia na viti vitatu, na vilipatana. Ukikipiga kwa lenzi ya milimita 18, chumba hicho hunyooka kama ukumbi, na kiti kilicho pembeni hutanuka. Ukikipiga kwa milimita 35 au 50, kinarudi ukubwa wake. Ukionyeshwa picha ya sebule kubwa ya kustaajabisha, tafuta kitu ambacho kipimo chake unakijua, kama mlango au kitanda, uhesabu vinaingia mara ngapi.

Bado moshi. Kila mtu anayetengeneza kibanda cha msituni hutia moshi juu ya paa, maana unapendeza. Lakini Thoreau aliijenga dohani yake wakati majani yalipokuwa yakianza kupukutika, baada ya kuingia. Miezi ya kwanza alipikia nje. Kuta nazo zilikuwa mbao zilizochakaa zenye nyufa. Vipande vya mbao vilivyopangwa kama magamba ya samaki vilikuja kabla ya majira ya baridi, na lipu ya ndani ilipigwa baadaye, baridi kali ilipokwisha kuanza. Basi anayeandika chini ya picha yake "Julai 1845" na juu ametia moshi wa dohani, huyo hakusoma. Kama ni Julai, nuru ya taa ipenye katika nyufa. Mimi naiona picha hiyo ni nzuri kuliko ya moshi, na wachache wameijaribu.

Kabla sijaacha, neno moja juu ya programu za namna nyingine. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu ambazo mtu huandika maneno tu, "kibanda msituni jioni", na picha hutoka kwa muda mfupi. Hizo hazikujenga kitu. Zimefundishwa kwa mamilioni ya picha za watu wengine, nazo hutoa mfano wa picha hizo. Nyuma ya picha hiyo hapana futi 10 wala futi 15. Fundi akiletewa na kuulizwa kimo cha nguzo, hana pa kupima, kwa sababu nguzo haipo hata ndani ya kompyuta. Na akihesabu ngazi au boriti, mara nyingi ataziona haziungani. Ile ya Blender unaweza kumwambia mwenyewe, "Nipe vipimo," naye atakupa. Mteja aliye na picha aulizwe swali hilo kabla fundi hajanunua msumari mmoja.

Kazi ya darasa kwa wiki hii. Kesho, saa kumi na mbili jioni, mwasheni taa ndani ya nyumba moja, msimame nje mkitazama dirisha. Kila dakika tano andikeni vitu vitatu: rangi ya anga, rangi ya dirisha, na mti wa mbali kabisa mnaoweza kuuona. Endeleeni mpaka giza. Pigeni mstari chini ya dakika ambayo anga na dirisha vililingana. Mwalimu wa darasa azikusanye karatasi, na juma lijalo tutalinganisha waliokaa pwani na waliokaa milimani.

Kwaherini.